Kikombe cha Kwanza cha Waragi

Sikuda, Jumatano, jua bado liko juu

Kwako mwanangu Athieno, mama yangu mdogo kwa jina,

Umeondoka asubuhi kwenda Nagongera kumuaga mjomba wako, na kwa kuwa leo ni siku ya soko najua hutarudi mapema. Utakutana na huyu, utasimama na yule, wote watataka kukushika mkono kabla hujapanda ndege. Kwa hiyo nimepata nafasi ya kukaa na kalamu. Muhogo uko jikoni. Ukiungua utaula hivyo hivyo, maana leo mama yako ni mwandishi.

Sitakuandikia mambo ya sweta, wala ya kula vizuri, wala ya kutofungulia watu mlango. Hayo nimekuimbia tangu ulipopata ile kazi ya kisiwa cha Morisi, mpaka ukaniambia, "Mama, mimi si mtoto wa nasari." Basi nimeyaacha. Nakuandikia kwa sababu naogopa, na mimi nikiogopa mdomo wangu huwa mkali, unanijua. Jumapili nilikufokea mbele ya baba yako kwa ajili ya vichupa vinne, nikatoka nje nikaenda kung'oa magugu nimevaa gauni la kanisani. Mkasema ni ulokole wangu umepanda kichwani. Mkacheka. Niliwasikia, msidhani sikuwasikia.

Haikuwa ulokole, mwanangu. Nilikuwa natetemeka, na sikutaka baba yako asikie sauti yangu ikitetemeka, maana yeye siku hizi anasikia kila kitu.

Ngoja turudi kwenye meza ile ya Jumapili. Ulikuja na vichupa vyako kutoka maabara ya kiwanda cha sukari unakofanya kazi, ukavipanga kwenye kitambaa changu cheupe, ukasema unataka tujue unakwenda kujifunza nini huko kisiwani. Ukasema, "Hii yote ni ramu. Mama yao ni mmoja, muwa, lakini kila mmoja amelelewa kivyake." Nilipenda ulivyosema. Ukafungua kile cheupe kwanza, ukasema hicho kimetokana na molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, kimepandishwa kwenye mtambo mrefu wa chuma mpaka kikawa chepesi na harufu karibu yote imeachwa nyuma. Cha pili kilikuwa cha rangi ya chai. Ukasema rangi ile si ya kinywaji, ni ya mbao, kwamba huwekwa kwenye mapipa yaliyochomwa kwa ndani na kuachwa humo miaka hadi mbao ziamue. Cha tatu hakikupitia molasi kabisa, ni maji ya muwa yaliyokamuliwa siku hiyo hiyo, mtindo wa visiwa vilivyotawaliwa na Wafaransa. Nilipokinusa nikasikia majani mabichi, kama mtu amefyeka uani. Ukasema kuna na aina nyingine wanatia vanila na mdalasini, lakini hukuileta kwa sababu viungo huficha mambo mengi.

Halafu kile cha nne, cheusi. Hicho ndicho kilichoniua. Ukasema cha Jamaika, kimepikwa kwenye chungu cha kizamani, na ile taka ya chini ya mapishi yaliyopita haitupwi, inarudishwa kwenye mapishi mapya ili harufu iwe nzito. Baba yako akakinusa. Akakinusa tena. Akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Hii mimi najua," akaniambia mimi. "Hii ni ya mama yako. Imevaa suti tu."

Ni kweli ilikuwa ya kwetu. Ile harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, na chini yake kitu kama gundi. Nyanya yako, uliyerithi jina lake, kule Nabuyoga alikuwa haachi pipa tupu. Maji mazito ya chini aliyaacha yasubiri molasi nyingine. Mimi nilipokuwa msichana nilidhani ni uvivu wa kuosha.

Ukatueleza ramu ilikoanzia. Kwamba kule visiwa vya Karibi Wazungu walitaka sukari, na waliokata miwa ni watu waliotolewa huku kwetu Afrika wakiwa watumwa. Molasi ilikuwa takataka, inatiririka chini ya kiwanda, ikichacha yenyewe kwa joto. Watu wale wakaigundua. Ikachemshwa, kikatoka kitu kikali hata kikaitwa Muua-shetani. Hapo nilicheka, nikasema basi huyo shetani ana roho ngumu, maana namuona Busia kila mwisho wa wiki. Lakini ukaendelea, ukasema baadaye ramu hiyo hiyo ikapakiwa melini, ikaletwa Afrika, ikanunua watu wengine wa kwenda kukata miwa mingine. Sikucheka tena. Nilikutazama ukisema hayo kwa utulivu, mwalimu kabisa, na mimi nawaza kwamba mtoto wangu anakwenda kwa miguu yake mwenyewe Morisi, ambako nako watu walipelekwa wamefungwa, na ni kwa ajili ya kitu kile kile. Najua si sawa. Una mkataba, una tiketi ya kurudi. Tumbo langu halijui kusoma mkataba.

Bado sikuwa nimekasirika. Nilikasirika baba yako aliponyoosha mkono akasema, "Nipe kidogo."

Tangu macho yake yalipozima, baba yako hajaweka waragi wala pombe nyingine kali mdomoni. Ajono, pombe ya ulezi, anakunywa, anakaa na wazee wenzake na mrija wake mrefu kuzunguka chungu, sijamkataza. Lakini kitu kilichopita kwenye bomba, hapana. Na wewe hukusita. Ulimimina kwenye glasi ndogo, na kabla ya kumpa ukanywa wewe kwanza, ukameza, ukangoja kidogo, ndipo ukamuwekea mkononi. Naye akasema, "Mtoto nakunywa kwanza. Sasa mimi naogopa nini?"

Ndipo nilipopiga kelele.

Nani alikufundisha kunywa kwanza? Si mimi. Nyanya yako alikufa hujajua hata kutembea. Ulifanya tu, mkono ulikwenda wenyewe. Na mimi nilipoona vile nikaona mambo mawili kwa mara moja, kwamba wewe ni mpika waragi wa kweli kuliko mimi, na kwamba naweza kukupoteza kwa sababu hiyo hiyo.

Habari ya macho ya baba yako unaijua. Umeisikia kwa shangazi zako, na kila mmoja wao ana yake. Hujaisikia kwangu. Leo nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyotuozesha. Mimi Mjopadhola, baba yako Mwiteso, tulipokutana Busia pale mpakani hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Mimi nilikuwa nimesomea upande wa Kenya kwa shangazi, naongea kishule, yeye anabeba mizigo kwa baiskeli na anaongea kile cha sokoni kilichovunjika vunjika. Akaniambia, "Wewe nakwenda na mimi." Nikamsahihisha sarufi, halafu nikaenda naye.

Kazi yetu ilikuwa moja. Yeye alileta molasi kwa jerikeni kutoka kiwanda cha upande wa pili, mimi nikapika. Nilipika alivyonifundisha mama yangu, kwa pipa na bomba la shaba linalopita kwenye maji baridi. Na mama yangu alikuwa na sheria mbili ambazo hakunieleza sababu yake, maana naye hakuelezwa. Kikombe cha kwanza kinachotoka bombani hakinywewi na mtu. Kinamwagwa chini pembeni ya nyumba, ni cha waliokufa. Kisha kikombe kinachofuata anakunywa mpishi mwenyewe, amesimama, mbele ya wateja, wakimtazama. Akishakunywa ndipo wengine wanunue. Mama yangu hakuwa mlevi hata siku moja, lakini kile kikombe hakukikwepa hata alipokuwa na mimba yangu.

Halafu nikaokoka.

Nisikilize vizuri hapa, sitaki umlaumu mtu. Niliokoka kweli, na bado nimeokoka. Nilikuwa nimezika watoto wawili kabla yako, na kanisani pale nilipata mahali pa kulia bila mtu kuniambia ninyamaze. Mchungaji akafundisha kwamba kuwamwagia wafu ni kuabudu mizimu. Nikaona ni kweli. Akafundisha kwamba aliyeokoka haonji pombe. Nikaona ni kweli pia. Alisema tuache na kupika, lakini hapo mimi nikajifanya sikusikia, kwa sababu nilikuwa na wewe mgongoni na sikujua kazi nyingine. Kwa hiyo nikaokoka nusu. Mdomo nikampa Mungu, mikono nikaibakiza kwenye pipa.

Basi siku hiyo nilipoanza kutoa, kikombe cha kwanza kilipojaa sikukimwaga. Nilijisikia vizuri kabisa, wallah nilijiona shujaa wa imani. Nikakiweka juu ya kigoda. Wateja wakafika, wakangoja mpishi anywe, na mimi nikasema, "Siku hizi sinywi. Mzee ataninywea." Nikamwita baba yako. Alikuwa ametoka kuteremsha jerikeni, ana jasho, ana kiu. Nikampa kilichokuwa karibu na mkono wangu, kile cha juu ya kigoda.

Alikunywa chote. Akasema kina ukali wa ajabu. Wateja kwa bahati walisikia gari la polisi barabarani wakatawanyika kabla sijawapimia. Usiku akatapika. Asubuhi akalala, nikamwacha alale. Mchana nikaingia na chai, dirisha liko wazi, jua limejaa mpaka kwenye shuka, naye amekaa kitandani macho wazi, anageuza shingo huku na huku.

"Mama Athieno," akasema, "mbona munakaa giza? Fungua dirisha."

Nimeisikia sauti hiyo kila siku ya maisha yangu tangu hapo. Ninapoosha vyombo naisikia. Nilisimama na chai yangu nikasema, "Nafungua sasa hivi." Nikaenda dirishani, nikalitikisa, ili asikie.

Wewe umesoma, na mwaka jana uliniambia kitu ambacho hujui ulinifanyia wema gani. Ulisema molasi yenyewe mara nyingi haileti sumu ile ya kupofusha, kwamba labda ilikuwa kwenye jerikeni, labda mtu wa ng'ambo aliwahi kuweka humo dawa ya viwandani bila kuosha. Ulisema, "Labda hata si kile kikombe, Mama." Nakushukuru kwa labda hiyo. Nailaza kando ya mto wangu. Lakini labda si hapana, na hata kama ni jerikeni, mama yangu angekunywa kwanza yeye. Angetema. Ulimi wake ulijua. Angemwaga pipa zima na baba yako angekuwa anaendesha baiskeli mpaka leo. Mimi niliacha sheria zote mbili siku moja, nikamwekea mume wangu mdomoni kitu ambacho mdomo wangu mwenyewe ulikikataa.

Yeye hajawahi kunilaumu. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Anasuka kamba zake pale barazani, ananiuliza kama mbuzi yule mweusi amenenepa, anamtaja kwa rangi yake kana kwamba anamuona. Wakati mwingine natamani anitukane tu yaishe.

Sasa umeelewa kwa nini niling'oa hata mchicha Jumapili nikidhani ni magugu?

Wanakupeleka kuwa muonjaji. Ulinieleza kwa furaha, kwamba mtu anaweza kuwa na mashine zote za kupima na bado kiwanda kikahitaji pua na ulimi wa mtu, na kwamba wao waliona una ulimi. Nikasema hongera. Lakini moyoni nilikataa. Nimekaa siku nyingi natafuta neno la kukuambia ili usionje. Nilitaka kukuambia uwaachie wenzako. Nilitaka kukuambia ujifanye una mafua. Haki ya Mungu, nilifikiria hata kuficha pasi yako ya kusafiria, niliishika mkononi jana ulipokuwa unaoga.

Lakini nikikuambia usionje, nitakuwa nimekufundisha kuwa mimi. Kusimama nyuma ya mtungi, safi, huku mwenzio anakunywa kwa niaba yako. Na nikikuambia uonje, nakusukuma mwenyewe kwa mkono wangu mahali alipokwenda baba yako. Nimegeuza huku na huku, mwanangu, hakuna njia ya tatu. Ningekuwa nayo ningekupa.

Kisha kuna hofu nyingine, ndogo, nayo niitaje. Mtu anaweza asipofuke, akalewa tu. Nimewaona wanaume hapa Busia walioanza kwa kuonja. Kilichowamaliza si ukali wa kinywaji, ni upweke waliokuwa nao wakati wanakinywa. Wewe utakuwa huko peke yako, bahari kila upande, jioni umechoka, na kinywaji ni cha bure kazini. Sikuhukumu kabla hujafanya. Nakuambia tu kwamba ukijikuta unaonja kitu ambacho ulishakionja na unakijua vizuri, hiyo si kazi tena, na mimi simu yangu haizimwi.

Basi nimeamua. Ndani ya begi lako, kwenye ile sweta nisiyotaka kuizungumzia, nimefunga kikombe cha bati cha nyanya yako. Kile kilichobanduka rangi pembeni. Hujawahi kukiona kwa sababu nilikizika nyuma ya choo siku ile, na leo asubuhi ulipotoka nilikwenda kukifukua. Baba yako alisikia jembe akauliza, "Unachimba nini huko?" Nikasema naondoa kisiki. Akasema, "Hiyo kisiki oshe vizuri, mtoto asiende nayo na udongo." Sijui huyu mtu kama kweli haoni.

Huko unakokwenda najua kuna mashine zinazokata ile sehemu ya kwanza, yenye sumu, zenyewe na kuipeleka kando. Umenieleza, nimeelewa. Lakini siku watakapokuachia mtambo wako wa kwanza uuwashe mwenyewe, chukua kikombe hiki, kinga kinachotangulia, toka nje ukamwage kwenye udongo. Wakikucheka, mwaga. Mchungaji wangu akiniuliza nitamjibu mimi. Simwagii mizimu, nawamwagia waliokata miwa ile bila kuomba, na wengine wao labda walikuwa na macho kama yako.

Kisha kinachofuata, onja. Wewe kabla ya mtu yeyote. Mkono wangu unakataa kuandika neno hili, tazama jinsi wino ulivyojaa hapo. Onja, mwanangu. Usimpe mtoto wa mwenzio kitu ambacho hujakimeza.

Halafu nipigie simu. Siku hiyo, na kila siku utakayoonja. Ukipiga, usiniambie, "Niko salama, Mama." Baba yako naye alisema yuko salama usiku ule. Usiniambie habari za hali ya hewa wala za bosi wako. Nenda dirishani, simama, uniambie unaona nini. Kama ni miwa, sema imefika wapi urefu. Kama ni mtu anapita, sema amevaa nguo ya rangi gani. Nitaweka simu kwa sauti ya juu, maana baba yako atakuwa amekaa hapa kando yangu, na yeye hupenda sana kuambiwa rangi.

Usipopiga, nitajua uko kazini, umesahau, umelala, simu imeisha chaji. Nitajiambia hivyo vyote. Nami nitasimama kwenye dirisha letu hili nikilitikisa tikisa mpaka upige.

Ni mimi mama yako, niliyeunguza muhogo.